Jani Safi Si Ushahidi

Mhadhara kwa umma, Bukavu

 Kabla sijasema lolote, niruhusuni nikate muhogo.

Hapa mezani ipo mihogo miwili. Niliichimba jana katika shamba moja, kwenye mashina yaliyopandwa siku moja, yasiyopishana hata hatua kumi. Shina la kwanza lilitia huruma: majani yamejikunja, yamepauka, kijani kimechanganyika na manjano kama kitenge kilichochuja. Shina la pili lilikuwa limenawiri. Mama mwenye shamba alikwisha kuchuma majani ya sombe humo mara mbili, na aliponiona nalielekea na jembe alinung'unika kwamba namharibia mmea wake mzuri. Sasa tazameni. Huu wa kwanza ni mwembamba, haumshibishi mtoto, lakini ni mweupe hadi kwenye kiini. Huu wa pili ni mnene kama mkono wa seremala. Nakata kipande cha kwanza: cheupe. Cha pili: cheupe. Cha tatu, hicho hapo. Madoa ya kahawia, makavu, magumu, kama kizibo cha chupa kilichopachikwa ndani ya nyama ya muhogo. Waliokaa mbele wanaona. Walio nyuma nitawapitishia, uzunguke mkono kwa mkono. Msiule.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Muhogo wa kwanza una batobato, ugonjwa unaojitangaza tangu jani. Wa pili una michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mara nyingi hujificha chini ya udongo mpaka siku ya mavuno. Magonjwa yote mawili ni ya virusi, yote mawili husambazwa na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na yote mawili husafiri ndani ya miti tunayokata kwa ajili ya kupanda. Mkulima aliyechagua miti yake kwa kutazama majani tu amejichagulia ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na msimu ujao atamgawia jirani, tena kwa moyo mweupe.

Nimeanza na kisu kwa sababu ninalotaka kulisema leo halihitaji maneno mengi. Kupima kama mmea unastahimili ugonjwa, bila kupima chakula unachokitoa, ni kazi nusu. Na kazi nusu katika kilimo ni hatari kuliko kutofanya kitu, maana huja na muhuri. Mkulima anaambiwa: aina hii imepimwa. Haambiwi imepimwa wapi, kwa ugonjwa gani, kwa misimu mingapi, wala ni nani aliyeionja.

Tuelewane kwanza juu ya neno ukinzani, maana siku hizi linatajwa ovyo hata redioni. Mmea kinzani ni ule ambao kijidudu kikija, hakiingii, au kikiingia hakizaliani. Mmea stahimilivu ni mwingine: ugonjwa umo ndani, pengine mwingi, lakini mmea unaendelea kuzaa. Kwa mwenye shamba tofauti hiyo haina uzito, anavuna tu. Kwa jirani ni kubwa, kwa sababu mmea stahimilivu ni kama mtu anayekohoa bila kulala kitandani: yeye yuko sokoni anauza, na watoto wa nyumba ya tatu wana homa. Halafu kuna mmea uliokwepa. Huo hauna nguvu yoyote, ila ugonjwa haujaufikia. Ukiuhamisha, unakufa kama wenzake.

Niliwahi kudanganywa na mmea wa namna hiyo, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimetoka tu shuleni, nikapewa kilima kimoja nipime aina kumi na mbili za mihogo. Nikapanda kila aina katika kipande chake, nikianzia kileleni kushuka bondeni, kwa mpangilio mzuri wa kupigia picha. Aina iliyokaa kileleni ilitoka safi kabisa. Nikaandika ripoti, nikaisifu. Mwaka wa pili tuliipanda bondeni, ikaugua kuliko zote. Kumbe kule juu upepo huvuma mchana kutwa, na nzi weupe hawapati pa kutulia. Upepo ndio uliokuwa kinzani, si muhogo. Mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia kupalilia aliniambia baadaye kwamba alijua tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unaandika."

Dawa ya kosa langu ilikuwa imevumbuliwa zamani. Miaka ya 1920, katika kituo cha Rothamsted huko Uingereza, Ronald Fisher alifundisha kwamba shamba la majaribio ligawanywe katika sehemu, kila aina irudiwe katika kila sehemu, na mahali pa kila aina pachaguliwe kwa kura, si kwa akili ya mtafiti. Akili ya mtafiti hupenda kuzipa aina anazozipenda udongo mzuri, hata asipokusudia. Kura haimpendelei mtu.

Kuna pia jambo la pili, linalowashangaza wageni wanaotembelea mashamba yetu ya majaribio. Huwa tunapanda mistari ya mihogo dhaifu, tena yenye ugonjwa, kati ya ile tunayoipima. Mgeni huuliza: mbona mnafuga ugonjwa? Ndiyo, tunaufuga, kwa makusudi. Usipouleta ugonjwa mlangoni pa kila mmea kwa kipimo kimoja, hujui nani amekataa na nani hakubishiwa hodi. Na ile aina dhaifu ya kulinganishia, isipougua mwaka huo, mtafiti mwaminifu anafunga daftari: jaribio halikuzaa jibu, arudie. Hakuna mfadhili anayependa kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Alama zenyewe ni rahisi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzijifunza kwa siku moja. Moja ni mmea usio na dalili. Tano ni mmea ulioharibika kabisa. Tunapita mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa. Mwezi wa kumi na mbili tunang'oa, na hapo ndipo kisu kinapofanya kazi kama nilivyofanya hapa: kila mzizi unakatwa vipande, kila kipande kinapewa alama yake. Ni kazi ya kuchosha, mikono inanata utomvu, na jua linachoma. Ndiyo maana wengi huishia kwenye majani.

Wanafunzi wataniambia siku hizi kuna mashine ya kusoma vinasaba, inayoona virusi ambavyo jicho halivioni. Kweli, na maabara yoyote ya mimea ni lazima iwe nayo. Lakini virusi vya michirizi ya kahawia havijasambaa sawasawa ndani ya mmea. Ukichukua jani moja tu unaweza kupata jibu la "hapana" kutoka kwenye mmea ambao mzizi wake umeoza. Na mashine haijawahi kusonga bugali.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti huko mwaka 1902. Batobato ilikuwa imekwisha kuandikwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika nchi hiyohiyo. Kuhusu nzi weupe, sisi Wakongo tuna la kujivunia, maana ni humu Kongo, mwaka 1932, watafiti Kufferath na Ghesquière walipoonyesha kwamba wadudu hao ndio wabebaji. Miaka michache baadaye, mwaka 1936, Storey, mtafiti wa Amani, akaueleza ugonjwa wa pili, huu wa michirizi, alioukuta kwenye ukanda wa pwani.

Storey na mwenzake Nichols walipima mihogo waliyoikusanya, wakaona hakuna ulio kinzani vya kutosha. Wakafanya jambo la ujasiri: wakauoza muhogo kwa jamaa yake wa mbali, mti ambao pwani wanauita mpira, ule ule ambao majani yake hupikwa kisamvu. Mpira una nguvu dhidi ya magonjwa, lakini mizizi yake haifai kuliwa. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alikuwa mzima wa afya na hakuna aliyeweza kumla. Ikabidi wamrudishe kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakitafuta mjukuu aliyerithi afya ya upande mmoja na utamu wa upande wa pili. Mtafiti Jennings aliendelea na kazi hiyo mpaka miaka ya 1950. Angalieni: kila kizazi kilipimwa mara mbili, kwa ugonjwa na kwa chakula. Wangepima ugonjwa peke yake, wangesimama kwenye kizazi cha kwanza na kupiga makofi.

Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria. Huko kituo cha kimataifa cha IITA, kilichoanzishwa Ibadan mwaka 1967, kilizitumia kuzalisha mihogo iliyoenea Afrika nzima, ikiwemo ile yenye jina kavu la TMS 30572. Mmoja wa watoto wa Amani, aliyeandikwa 46106/27 kwenye vitabu vya kituo, alibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya wakamwita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga, unaosifika kwa kuukataa ugonjwa wa michirizi. Vinasaba vilipolinganishwa, Kaleso na Namikonga zilionekana kuwa kitu kimoja. Namba ilikaa daftarini. Muhogo wenyewe wakulima waliupa jina na kuuhifadhi. Mimi nawaona hao kuwa sehemu ya maabara, ingawa hakuna aliyewalipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Mwaka 1997 wataalamu waligundua kwamba virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi kipya, kibaya kuliko wazazi wake. Kilisonga kama moto wa nyika, kikaingia magharibi ya Kenya, kaskazini-magharibi ya Tanzania, Rwanda, Burundi na huku kwetu mashariki ya Kongo. Waganda waliokolewa na aina kinzani: TMS 30572, ambayo wao waliiita Migyera, na nyinginezo. Mojawapo, TME 204, ilipendwa mno kwa sababu ilikuwa tamu, ikasambazwa kwa bidii kubwa.

Kisha mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaonekana Uganda, kwenye miinuko ambako wengi waliamini haiwezi kuishi. Ilidhaniwa ni ugonjwa wa pwani na mabonde. TME 204, iliyoishinda batobato, ikaanguka. Ilipimwa vizuri, jamani, ila kwa ugonjwa mmoja. Mwaka 2012 michirizi ilithibitishwa mashariki ya Kongo, na leo nimeikata mbele yenu. Kwa hiyo mtu akiwaletea miti ya mihogo na kusema ni kinzani, mwulizeni: kinzani kwa nini? Msione haya. Ni swali la kisayansi kuliko mengi yanayoulizwa kwenye semina.

Wenye migomba nao wana haki ya kusikia neno lao, ingawa si la furaha. Mnyauko wa bakteria uliandikwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye mmea wa enseti, jamaa wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ukakata shingo ya migomba ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya mingine. Aina nyingi zimepimwa kwa kudungwa bakteria kwa sindano, na jibu limerudi lile lile: katika migomba tunayoila, hakuna iliyo kinzani. Mgomba-mwitu mmoja wa Asia, Musa balbisiana, ndio unaokataa. Kuna aina zinazoonekana safi shambani kwa sababu ua lao la dume halidondoshi vifuniko vyake, kwa hiyo wadudu hawapati jeraha la kupitishia bakteria. Hizo zinakwepa tu. Ukizikata kwa panga lenye ugonjwa, zinakufa.

Kipimo kikisema "hapana" nacho kimefanya kazi yake. "Hapana" hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti waache kumtafuta mgomba shujaa na kutazama namna ugonjwa unavyotembea ndani ya shina. Wakakuta bakteria haisambai katika machipukizi yote kwa wakati mmoja. Basi badala ya kung'oa tuta zima, kata shina lililougua peke yake, chini kabisa, mara tu dalili zinapoonekana. Vunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Choma panga kwenye moto kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine. Mashamba mengi ya Kivu yamesimama tena kwa njia hiyo, bila aina mpya hata moja. Uganda wamejaribu kuhamishia kwenye mgomba vinasaba vya pilipili hoho, na katika majaribio migomba hiyo ilikataa ugonjwa. Hilo tuliache kwa siku nyingine, lina mabishano yake.

Narudi kwenye sufuria, ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Kisiwa cha Idjwi mnakijua. Miaka ya 1960 madaktari Delange na Ermans walifanya uchunguzi huko juu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Waliona jambo lisiloeleweka. Kisiwa kizima kilikosa madini ya joto kwa kiwango kimoja, kaskazini sawa na kusini-magharibi. Lakini kaskazini watu wengi walikuwa na rovu, na kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Chumvi ni ile ile, ziwa ni lile lile, watu ni wale wale. Walipofuatilia chakula wakafika kwenye muhogo. Muhogo una sianidi. Mwili ukijitahidi kuigeuza isiwe sumu, unatoa kitu kinachoizuia tezi ya shingo isinyonye madini ya joto. Mtu aliye na madini ya kutosha hadhuriki. Aliyepungukiwa, shingo inavimba.

Sitaki mtu atoke hapa akisema muhogo ni sumu. Babu zangu waliula, mimi naula, na leo jioni nitaula. Ninachosema ni kwamba kazi iliyoonyesha jambo hilo kwa ulimwengu ilifanyika kwenye kisiwa tunachokiona kutoka ufukweni, na bado kwetu aina mpya hutangazwa kwa kilo kwa hekta, bila neno lolote juu ya sianidi. Hapa Kivu ya Kusini wamepatikana pia wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja. Jina lenyewe ni la Kiyaka, la upande wa Bandundu, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku maharage, samaki na nyama ni adimu sahanini. Vita na njaa ndivyo hupunguza siku za kuloweka. Mama aliyezoea siku tatu anatoa siku ya kwanza, kwa sababu watoto wanalia au kwa sababu anataka kuondoka kijijini kabla ya usiku.

Na msimlaumu mkulima anayeupenda muhogo mchungu. Nguruwe-mwitu hawaufurahii, na mwizi hautafuni palepale shambani. Kwa mtu anayelala mbali na shamba lake kwa hofu, uchungu ni mlinzi asiyedai mshahara. Mtafiti anayemletea muhogo mtamu bila kuulizia usalama wa shamba lake hajampima mtu anayempelekea.

Mambo haya hupimwaje? Wanga hupimwa kwa mizani: unapima mizizi hewani, kisha unaizamisha majini na kuipima tena, na tofauti inakuambia ukavu wake. Muhogo wenye maji mengi hupendeza gunia na kumdhulumu mnunuzi. Sianidi ina chupa yake, nitawaonyesha mwishoni. Lakini kipimo kikubwa ni mdomo wa mpishi.

Msimu mmoja tulipika bugali wa aina sita, kila sahani na namba tu, hakuna jina, na maji ya kusukutua katikati. Walioonja walikuwa kina mama ishirini wa kijiji, na sisi tuliamriwa kunyamaza. Aina namba tatu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote shambani, alama moja kila mwezi. Mama wa kwanza aliufinyanga kidogo vidoleni, akaurudisha sahanini bila kuula. "Haushiki," akasema, "huu utabomoka kwenye mchuzi." Wa pili alisema hivyohivyo, naye hakumsikia wa kwanza. Sombe yake waliikataa pia: jani gumu, hula makaa mengi. Miaka minne ya kazi yetu ilikwisha kwa vidole viwili, na walikuwa sahihi. Laiti wangeitwa mwaka wa kwanza.

Jirani zetu wa Rwanda walilijua hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha Rubona, wanawake mabingwa wa maharage waliingizwa kwenye mashamba ya majaribio wachague wenyewe, kabla watafiti hawajachuja. Waliyoyachagua yalifanya vizuri mashambani mwao, kwa sababu walijua ni harage lipi linavumilia kivuli cha migomba na lipi linaiva upesi. Rwanda hiyo hiyo iliupokea mharage wa kupanda kutoka Teopisca nchini Mexico, ulioorodheshwa kwa namba G2333, ukaitwa Umubano. Ulipendwa kwa mavuno na kwa kuikataa chule, ule ugonjwa wa madoa meusi yaliyozama kwenye maganda ya maharage.

Kwa maharage kuna kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Ni sahani ya chuma yenye matundu 25. Kila tundu linakaliwa na harage moja, na juu ya kila harage kimesimama kijiti cha chuma. Inazamishwa kwenye maji yanayochemka. Harage likilainika, kijiti kinalichoma na kudondoka: to! Vikidondoka 20, maharage yameiva, unaandika dakika. Nikiwa maabara nasikia to, to, to, nahesabu makaa. Kituo cha utafiti cha INERA Mulungu kilisambaza, pamoja na mradi wa HarvestPlus, maharage yaliyozalishwa kuwa na madini ya chuma kwa wingi, ambayo lengo lake ni miligramu 94 kwa kilo, wakati maharage ya kawaida yana kama 50. Habari njema kwa mama mjamzito. Lakini harage lenye chuma likichukua saa nne jikoni, katika mji huu ambao gunia la makaa ni habari ya kila siku, litabaki kwenye ghala la mradi.

Kabare tu, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna Mulungu, ambayo mizizi yake ni taasisi ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933, kuna kituo cha Lwiro, kuna kituo cha IITA cha Kalambo. Mjini tuna vyuo vikuu vyenye vitivo vya kilimo. Kwa hiyo hatukosi wapimaji. Kinachokosekana ni meza moja wanapokaa anayepima jani, anayepima sianidi na anayepika. Na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asinijie na "tathmini ya aina kumi" inayoishia kwenye majani. Nitamrudisha shambani na kisu, kisha jikoni.

Sasa chupa. Ziko thelathini hapa mezani. Ndani ya kila moja naweka unga kidogo, chini ya ncha ya kijiko, kikaratasi chenye kimeng'enya na tone la maji, kisha naning'iniza karatasi ya njano na kufunga mpaka kesho. Ikibaki njano, unga ni salama. Ikigeuka kahawia nyekundu, sianidi ni nyingi, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 tu kwa kilo ya unga. Unga ukizidi kiwango hicho, msiumwage: ulowesheni maji, utandazeni mwembamba juani saa mbili, au kivulini saa tano, sumu iruke, kisha upikwe siku hiyohiyo.

Kina mama mliokuja na unga kutoka nyumbani au sokoni, pangeni mstari upande huu wa dirisha. Niambieni ni muhogo wa wapi na ulilowekwa siku ngapi, na mseme kweli, hatumwandiki mtu jina. Majibu yatakuwa tayari kesho asubuhi.